Titani ya daraja la kitabibu imeua seli maabara: kosa liko wapi?

Mkerezaji:
Wakuu, naomba msaada, usiku wa tatu huu sipati usingizi. Kazi yangu ni kukereza mabamba ya kuungia mifupa. Malighafi ni titani yenye aluminiamu asilimia 6 na vanadi asilimia 4, ile ya daraja la 23, na cheti cha kiwanda kilichoifua ninacho mkononi. Tulipeleka mabamba sita maabara yapimwe sumu kwa seli kwa kufuata kiwango cha kimataifa cha ISO 10993-5. Yakalowekwa saa 24 kwenye maji ya kulishia seli, nyuzijoto 37, kisha maji yale zikawekewa seli za panya za ukoo wa L929. Zilizobaki hai ni asilimia 54. Zikishuka chini ya 70, umeanguka.

Bosi anasema maabara imekosea, tupeleke kwingine. Mimi sitaki tuzunguke na sampuli hadi tupate jibu la kutufurahisha, maana bamba hili litakaa mguuni mwa mtu. Lakini titani ndiyo Brånemark, daktari wa Uswidi, alimwekea mgonjwa wake wa kwanza tayani mwaka 1965, na mpaka leo inasifiwa. Itauaje seli?

BintiMaabara:
Mdogo wangu, hapo umesimama pazuri, usitoke. Na mabamba yaliyobaki usiyatupe.

Cheti chako kinazungumzia mche wa chuma ulioingia karakana. Maabara haikuletewa mche. Imeletewa kitu kilichokatwa, kikamwagiwa mafuta ya kupozea, kikang'arishwa, kikaoshwa, kikachorwa namba, kikafungwa kwenye pakiti. Kila mkono uliokigusa umeacha chake, na hicho ndicho seli zinakutana nacho kwanza.

Nina miaka 14 kwenye kipimo hiki. Titani ikikaa hewani hujivika utando wa oksidi, nanomita chache tu, na utando huo ndio unaoizuia kumumunyika. Sijaona titani safi ikiangusha seli kiasi hicho. Nilichoona ni uchafu. Kuna skrubu zilizonitesa wiki mbili nzima, zenye tundu katikati kuanzia kichwani hadi nchani. Kwa macho zinameta. Tulipopitisha maji kwa sindano ndani ya tundu, yalitoka na povu. Sabuni ilikuwa imekaukia humo.

Nijibu matatu. Walipoyazimua yale maji nusu kwa nusu, seli zilifanyaje? Rangi ya maji ilibadilika? Na bamba lako lina mashimo ya namna gani?

Mkerezaji:
Asante dada. Nimefungua ripoti upya. Yakizimuliwa nusu, seli hai zinapanda hadi asilimia 88. Rangi: wameandika kwa herufi ndogo kabisa pale chini kwamba maji yaligeuka zambarau, ila yale ya kulinganishia, yaliyokaa bila bamba, yalibaki mekundu. Mashimo ni manane, yote yana nyuzi za kukazia skrubu.

BintiMaabara:
Hiyo zambarau ndiyo ya kushika. Maji ya kulishia seli hutiwa rangi inayoonyesha uchachu: yakichachuka huwa ya njano, yakipata alkali huenda zambarau. Na kwa kuwa yale yasiyo na bamba hayakugeuka, alkali imetoka kwenye bamba. Sabuni nyingi za kuoshea chuma ni za alkali. Tena sumu inayopungua ukizimua ni kitu kinachoyeyuka.

Usiniamini kwa maneno, lakini. Chukua vipande vya kila hatua: mche mtupu, bamba baada ya kukereza, baada ya kuosha, baada ya kufungwa. Vipime pamoja, siku moja, seli zile zile. Hatua ambapo namba inaporomoka ndiyo yenye kosa lako. Hakikisha pia kuta za mashimo zimehesabiwa kwenye eneo la bamba, maana kwa unene wa bamba kama lako ni sentimita 3 za mraba kwa kila mililita ya maji. Ukisahau nyuzi zile, hesabu yote imepinda. Na wasilikate bamba ili litoshe kwenye chupa. Ukilikata unafungua nyuso ambazo mgonjwa hatakutana nazo.

MponyaMifupa:
Niongeze kutoka upande wa meza ya upasuaji. Seli zikipona, kazi haijaisha. John Charnley, daktari Mwingereza wa mifupa, alianza kutengeneza nyonga za bandia kwa Teflon, plastiki isiyogombana na chochote ikiwa nzima. Ndani ya miaka michache kichwa cha chuma kiliisaga, na unga wake ukavimbisha tishu vibaya. Alijipandikiza mwenyewe unga huo pajani akaona uvimbe kwa macho yake. Mwaka 1962 akahamia plastiki nyingine, polietilini. Bamba lako nalo linasuguana na vichwa vya skrubu kila mgonjwa anapokanyaga, kwa hiyo ulizeni pia unga wa pale unafanya nini.

BintiMaabara:
Kweli daktari. Kifaa kinachokaa mwilini zaidi ya siku 30 kina maswali mengine pia: mzio, madhara kwa vinasaba, na tishu zinavyokipokea kikipandikizwa. Ila kwanza aondoe sabuni, la sivyo vipimo vyote hivyo vitakuwa vinapima sabuni.

Mkerezaji:
Narudi baada ya wiki tatu. Mche mtupu: asilimia 97. Baada ya kukereza: 81. Baada ya kuosha: 52. Kuosha ndiko kulikoharibu! Tulikuwa tunasuuza mara moja, mabamba yamelazwa bapa, mashimo yameshika maji. Sasa tunayasimamisha, tunasuuza mara tatu kwa maji yaliyochujwa madini, na maji ya mwisho tunayapima alkali kabla ya kukausha. Kundi jipya limetoka 94.

Nimembandikia bosi namba zile nne ukutani juu ya beseni la kuoshea. Makundi mawili ya zamani yaliyokuwa stoo, ambayo hayajatoka, nimeyafungia hadi yaoshwe na kupimwa upya. Dada, ile 81 ya baada ya kukereza bado inanikera. Nikikuletea jina la mafuta tunayopozea, utanisaidia kuyachambua?