Ulinganisho: umeme VETA, stashahada ATC, hoteli Njiro au uhasibu – mwajiri wa Arusha na Moshi anamtaka nani?

MchumiWaPasua

Wakuu, salaam. Kuna kijana amemaliza kidato cha nne hapa Moshi. Kiswahili B, Fizikia C, Kiingereza C, Jiografia C, Hisabati D, Kemia D. Familia ina uwezo wa kusomesha njia moja tu. Mezani zipo nne:

1. Umeme wa majumbani, VETA Moshi.
2. Stashahada ya uhandisi umeme, Chuo cha Ufundi Arusha (ATC).
3. Hoteli, chuo cha VETA cha Hoteli na Utalii pale Njiro.
4. Uhasibu, Chuo cha Uhasibu Arusha (IAA) au Chuo Kikuu cha Ushirika hapa Moshi.

Naomba tusiishie kwenye "afuate anachokipenda". Mwajiri wa huku akimkalisha mtu kwenye usaili anapima nini? Na kila njia inachukua muda gani mpaka mtu aweze kupimwa?

Fundi_Sakina

Nianze na namba 1 na 2, maana watu wanazichanganya sana.

VETA inatoa tuzo za NVA (tuzo za ufundi stadi) ngazi ya 1, 2 na 3, na mtu anaweza kushuka njiani akafanya kazi akiwa na ngazi ya 2. ATC inafuata ngazi za NTA (tuzo za vyuo vya kati): 4, 5 na 6, miaka mitatu mpaka stashahada. Kijana wa VETA anaandaliwa kufunga na kukarabati. Wa ATC anaandaliwa kusoma michoro, kupiga hesabu za mzigo wa umeme, kusimamia mitambo na kuandika ripoti. Mwenye hoteli ya vyumba 30 anamtafuta wa kwanza. Kiwanda, mgodi au mkandarasi mkubwa anaanza na wa pili.

Sasa jaribio lenyewe. Hoteli nyingi na wakandarasi wadogo hawana muda na cheti chako kwa saa ya kwanza. Wanakupa ubao, waya na swichi mbili: funga taa ya ngazi, iwake na kuzimika kutoka chini na kutoka juu. Wengi huangukia hapo. Wanaunganisha waya wa laini kwenye tundu la pembeni badala ya lile la kati, na taa inatii swichi moja pale tu nyingine ikiwa imekaa upande fulani. Kosa lingine ni kupitisha nyutro kwenye swichi badala ya laini. Taa inazima vizuri, lakini holda inabaki na umeme, na anayebadilisha balbu akigusa ndani anapigwa shoti. Msimamizi akiona hilo anafunga daftari, na ana haki.

Baada ya hapo anauliza maswali mafupi. Waya wa taa saizi gani? Milimita za mraba 1.5. Soketi? 2.5. Jiko la umeme? Mara nyingi 6, ila lazima uangalie mzigo na urefu wa njia. Kifaa cha kukata umeme unapovuja kinakata kwenye kiasi gani kwa usalama wa mtu? Miliampia 30. Ukipima waya kwa mega (kipima uimara wa gamba la waya) ya volti 500, chini ya megaomu 1 unakataa kuuwasha.

Swali linalotenganisha watu ni hili: breka ya uvujaji inaruka kila alfajiri, wageni wanapooga. Unaanzia wapi? Aliyefundishwa vizuri hakimbilii kubadilisha breka. Anazima saketi zote, anawasha moja moja, anafika kwenye hita ya maji, anaitoa na kupima elementi dhidi ya bodi yake ya chuma. Elementi ikipasuka, umeme unavuja kupitia maji kwenda ethi. Kubadilisha breka kungekula hela ya bosi na tatizo libaki palepale.

Akitaka soko pana, aongeze mambo mawili ambayo kozi ya majumbani huyapita haraka: mota za fezi tatu (kontakta, yaani swichi ya sumaku; rilei ya ovalodi inayokata mota ikizidiwa; kuwasha kwa nyota-pembetatu ili mota ianze taratibu) na sola. Kambi na loji za porini zinaendesha sola, betri na jenereta kwa pamoja. Fundi asiyejua kwamba betri za asidi zikishushwa chini ya nusu mara kwa mara zinakufa mapema ataua betri za mwenye loji akidhani anazitumia. ATC wana kituo cha nishati jadidifu Kikuletwa, wilayani Hai, kwa hiyo upande huo wanao msingi.

Na asisahau leseni ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji. Cheti peke yake hakimruhusu kufunga umeme kama biashara yake. Leseni zina madaraja kulingana na elimu na uzoefu, kwa hiyo kila kazi aliyoifanya aitunzie kumbukumbu tangu mwanzo.

Jiko_na_Meza

Hoteli. Nitasema wazi faida na ubaya wake.

Faida: ni njia ya haraka ya kuingia kwenye ajira huku kwetu, na chuo cha Njiro kinajulikana na waajiri. Ubaya: msimu. Juni mpaka Oktoba kumejaa, Desemba mpaka Februari kuna kazi, halafu mvua za masika Aprili na Mei zinafunga kambi nyingi na watu wanarudishwa nyumbani. Anayeingia apange maisha yake kwa miezi yenye mshahara.

Hili la msimu linaharibu hata mafunzo. Ukimpeleka kijana fildi Aprili, atafuta vumbi kwenye ukumbi mtupu na kurudi na barua nzuri isiyo na kitu ndani yake. Ratiba ya chuo ikiruhusu, fildi iangukie Julai au Agosti, na barua za maombi ziwe zimefika hotelini miezi mitatu kabla.

Kwenye usaili, idara zinapima tofauti. Jikoni wanakupa kitunguu, karoti na kuku mzima. Wanaangalia kisu umekishikaje, vipande vinalingana au la, na kama umetumia ubao mmoja kwa kuku mbichi na kachumbari. Hapo mtu anakatwa bila maneno. Maswali: chakula kisikae kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi, na kuku aive mpaka ndani yake pafike 75. Kwenye meza wanapima kubeba sahani tatu na kuchukua oda ya watu sita bila kuuliza tena nani ameagiza nini. Mbinu ni kuzipa namba viti kuanzia sehemu moja na kuandika kwa kuzunguka. Mapokezi ni lugha na kompyuta.

Kiingereza C kinamtosha kuanzia. Akiongeza Kijerumani au Kifaransa cha mazungumzo atawapita wenzake wengi, mapokezi na kwenye kuongoza wageni pia.

Hesabu_Kaloleni

Uhasibu una soko, ila Hisabati D isiwatishe wala kuwadanganya. Kazi ya mhasibu wa kuanzia ni umakini wa hesabu nne na kujua tarehe.

Jaribio la kawaida kwenye kampuni za utalii na maduka makubwa ya Arusha: unapewa taarifa ya benki ya mwezi na daftari la fedha, uoanishe kwenye Excel. Ndani wameficha makato ya benki ambayo hayajaandikwa, hundi iliyotolewa lakini haijafika benki, na malipo yaliyoandikwa mara mbili. Siku hizi wanaongeza miamala ya lipa namba, na hapo wengi wanapotea kwa sababu kiasi alicholipa mteja na kilichoingia hesabuni vinatofautiana kwa makato.

Swali jingine la lazima: mteja amelipa 1,180,000 na VAT ya asilimia 18 ikiwa ndani. VAT ni kiasi gani? Anayezidisha kwa asilimia 18 anapata 212,400 na amekosa. Unagawa kwa 118, unazidisha kwa 18: 180,000. Ni swali dogo, ila mwajiri akikuona unakosa hapo anajua utamletea faini TRA.

Na tarehe: ritani ya VAT ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kodi ya mishahara iwe imelipwa ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Mtu anayezitaja bila kusita anaaminika haraka.

IAA na Ushirika ninavitenganisha hivi: anayelenga SACCOS, AMCOS (ushirika wa wakulima) na taasisi ndogo za fedha aende Ushirika, kwa sababu hesabu za wanachama, hisa na akiba zina namna yake. Anayelenga makampuni ya kawaida na baadaye CPA (cheti cha juu cha uhasibu) ya NBAA, bodi ya wahasibu, aende IAA. Ila nasema kwa moyo mweupe: uhasibu ndio njia yenye msongamano kuliko zote nne. Cheti cha ngazi ya 4 peke yake hakimtoshi. Awe tayari kwenda mpaka stashahada angalau.

MchumiWaPasua

Asanteni sana. Kijana mwenyewe anapenda kazi za mikono, hoteli ameikataa. Imebaki VETA au ATC. Je, akianza VETA amejifungia mlango wa ATC?

Fundi_Sakina

Hajajifungia. Ufaulu wake wa kidato cha nne unamruhusu kuomba NTA ngazi ya 4 hata baadaye, kwa sababu amefaulu masomo zaidi ya manne kwa D au zaidi, na Fizikia, Hisabati na Kemia zote amepita. NVA ngazi ya 3 nayo, pamoja na cheti cha kidato cha nne, ni njia inayotambulika.

Ushauri wangu: kama hela ya miaka mitatu ipo kamili, ATC moja kwa moja. Kama ipo ya mwaka mmoja na nusu halafu "Mungu atajalia", VETA. Anayeacha stashahada katikati kwa kukosa ada anatoka na cheti cha chini na mikono isiyozoea kazi, na hapo mwajiri anamchagua wa VETA. Kwenye bajeti ya VETA ongeza vifaa: koleo, bisibisi za kuhimili volti 1000, testa, mita ya kupimia, ovaroli, buti za usalama. Mwanafunzi asiye na vyake anaishia kumshikia mwenzake ngazi.

DadaAjira_Arusha

Napinga kidogo. Mnapima ufundi tu. Kwenye kuchuja maombi watu wengi wanatoka kabla hata ya kugusa waya, na sababu ni karatasi.

Kwa kazi za serikali maombi yanapita Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira. Namba ya NIDA ni lazima. Wanataka cheti cha kuzaliwa, vyeti kamili vilivyothibitishwa na wakili, barua iliyosainiwa, CV yenye wadhamini watatu. Hati ya matokeo ya muda haikubaliki. Majina yakitofautiana kati ya cheti cha kuzaliwa, kidato cha nne na NIDA, hata herufi moja, shughulikeni sasa akiwa bado nyumbani. Likija tangazo la wiki mbili hamtawahi.

Kwa hoteli, mashirika na kampuni binafsi, CV isizidi kurasa mbili, na mstari wa kazi useme kitu kinachopimika. "Nina bidii na najituma" haumwambii mwajiri lolote. "Nimefunga waya nyumba ya vyumba vinne chini ya fundi mwenye leseni, nimepima kwa mega, nimejaza fomu ya ukaguzi" unamfanya apige simu. Kwa hiyo daftari la fildi aliandike kila siku: kazi gani, kifaa gani, kosa gani lilipatikana, lilirekebishwaje, nani alisaini. Miezi sita baadaye CV inajiandika kutoka humo.

Wadhamini wake awaombe ruhusa kwanza. Mwajiri akipiga simu na mdhamini akauliza "huyo ni nani?", maombi yameisha.

Akipata kazi, asome mkataba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Aulize na namba yake ya NSSF. Na yeyote anayeomba hela ya usaili au ya "fomu ya ajira" kwa simu, huyo si mwajiri.

Lemosho_Njia

Nikazie jambo moja kwa vijana wa Moshi wanaosema "nitapanda mlima nikisubiri chuo". Upagazi (kubeba mizigo ya wageni Mlima Kilimanjaro) una umri wa kuanzia, miaka 18, na kikomo cha mzigo, kilo 20, na mzigo unapimwa getini. Ni kazi halali ya kutafutia ada, ila Novemba kwenye mvua wageni wanapungua, hivyo asiipigie hesabu ya ada ya Januari.

MchumiWaPasua

Nimeelewa. Kabla ya kulipa fomu, nikaangalie nini pale chuoni?

Fundi_Sakina

Ingia karakana siku ya masomo, wala usiende siku ya maonyesho. Hesabu wanafunzi wangapi kwa ubao mmoja wa mazoezi. Wakiwa wanne, kila mmoja atagusa. Wakiwa kumi na tano, wawili watafanya na wengine watatazama. Uliza mota ya fezi tatu iko wapi na iwashwe uione. Uliza nani anatafuta nafasi za fildi, chuo au mwanafunzi. Mwisho thibitisha usajili wa chuo na wa kozi yenyewe NACTVET (baraza linalosajili vyuo vya ufundi), maana kuna vyuo vimesajiliwa lakini kozi fulani havina kibali nayo.

DadaAjira_Arusha

Na muombe muone daftari moja la fildi la mwanafunzi wa mwaka uliopita. Likiwa na saini tupu na maneno "alishiriki vizuri" kila ukurasa, hapo fildi haisimamiwi.

MchumiWaPasua

Sawa kabisa. Nimeangalia sasa hivi: cheti cha kuzaliwa kinasoma "Emanueli", cha kidato cha nne "Emmanuel". Jumatatu naanza na hilo RITA, Jumanne karakana ya VETA, Alhamisi ATC. Nitaleta majibu ya idadi ya wanafunzi kwa ubao hapahapa, yawafae na wengine wanaotafuta.