KAJIFUTA MKONO! Yule wa manukato wa Usita wa Mui kanivunjia heshima leo

Binti Mkomani
Salamu baadaye, kwanza nitoe hasira. Nyote hapa Amu (Lamu) mwamjua, muuza manukato wa ile njia kuu ya mji. Jina sitaji. Yule anayezungumza na mteja huku akichokoa meno, chenji yake hurudi kwa awamu hadi mwezi uandame.

Nimemwendea na chupa ya marehemu mama. Manukato ya Shalimar, ile ya kizibo cha buluu chenye umbo la upepeo, baba alimletea enzi za kufanya kazi melini. Imebaki kidogo chini, rangi ya chai ya rangi. Nilitaka kuuliza tu kama aweza kuniagizia nyingine. Akadondoza tone kwenye kiganja, akanusa, akasema: "Hii harufu ya vizee. Ya Kihindi ya bei rahisi." Kisha akajifuta mkono kwa kitambaa cha kaunta!

Kitambaa kile! Hakijaona sabuni tangu Mreno atie nanga Malindi! Tone la mama yangu, ambalo mimi mwenyewe sijathubutu kujipaka hata Idi, yeye ajifutia kama amekanyaga kitu. Vanila ile na ule moshi wake ndiyo mama akivaa buibui kwenda harusini, nasi watoto twamng'ang'ania tusiachwe. Na yeye KAJIFUTA. Mbele yangu. Kidole kwa kidole.

Mwana wa Langoni
Pole dada. Mimi kaniuzia marashi ya waridi, nikayatia kwenye mrashi, wageni wa maulidi wakaniuliza mbona nawanyunyizia maji ya mfereji.

Nahodha Mstaafu
Mwanangu, mwambie Shalimar ni ya Guerlain, Paris, 1925. Kilicho cha Bara Hindi ni jina tu: bustani ya Shalimar iko Lahore, Pakistani, aliijenga Shah Jahan. Bei rahisi! Aulize bei kwanza.

Pua Ndefu
Ukweli usemwe, manukato yakikaa miaka huharibika. Ile harufu ya kwanza ya bergamoti, tunda la jamii ya limau, hutangulia kufa. Labda kweli ilinuka vibaya. Na hata ukipata mpya, usitarajie ya mama. Viungo vingi vya zamani vimebanwa kwa sababu ya mzio wa ngozi, kama ile kuvumwani iotayo kwenye magome ya mwaloni.

Binti Mkomani
Nani kakuuliza bergamoti? Nimesema kajifuta! Kama ilimchukiza si angeacha ikauke?

Pua Ndefu
Kaunta yake, kitambaa chake, dada. Ungempa leso.

Mjukuu wa Shela
Babu yangu alikuwa mtu wa Brut, chupa ya kijani yenye kidani shingoni. Ijumaa twajua yuko kona ya pili kabla hajatokea. Juzi nimeuziwa Brut feki Mombasa, shingo imechubuka kama nimenyolewa kwa kigae.

Mama Asumini
Nyinyi mwalia Brut, udi je? Siku hizi ni vijiti vimechovywa mafuta. Nimefukiza kwa ajili ya mkaza mwanangu, chumba chote kikanuka kandambili inayoungua. Bwana harusi akatoka nje kwa kikohozi.

Mwana wa Langoni
Mama Asumini umeuziwa wapi? Si kwa huyohuyo?

Mama Asumini
La, kwa jirani yake. Huyo ndiye mbaya zaidi.

Binti Mkomani
Jamani, uzi huu ni wa mkono! Wa kitambaa!

Kichochoro cha Nyuma
Mwapigania harufu nzuri, sisi huku nyuma kuna punda analala mlangoni petu kila usiku. Asubuhi twaruka mavi kama twaruka kamba. Hata ufukize kilo ya udi, haisaidii.

Mjukuu wa Shela
Yule mwenye sikio lililokatika? Kwetu alikula ukili anaosuka nyanya yangu, nusu ya mkeka mzima.

Kichochoro cha Nyuma
Huyohuyo! Leo baada ya Isha twamwendea mwenye punda. Nani aja?

Nahodha Mstaafu
Mimi naja. Ana deni langu la mchanga pia.