Naenda Guangzhou kufuata mzigo, WhatsApp na laini yangu ya Tanzania nafanyaje?

MamaPazia

Wakuu habari za jioni, naombeni mwongozo kwa wenye uzoefu maana nimeuliza watu watatu na kila mmoja ananiambia lake. Mwezi wa kumi Mungu akipenda naenda Guangzhou kwa mara ya kwanza, wiki mbili. Miaka yote nilikuwa naagiza kupitia dada mmoja pale Kariakoo ila safari hii nimeamua niende mwenyewe nikashike kitambaa kwa mkono wangu. Nauza mapazia na nguo za watoto, na wateja wangu karibu wote wako WhatsApp, nina magrupu mawili, na nilivyowaahidi ni kwamba nikiwa sokoni nawatumia picha, wanachagua, wanalipa nusu, nanunua.

Sasa nasikia China WhatsApp haifanyi kazi kabisa! Mume wangu anasema nikifika uwanja wa ndege ninunue laini ya kule yaishe, rafiki yangu anasema niweke VPN, ile programu ya kupitisha intaneti kupitia nchi nyingine, na jamaa wa duka la simu kaniambia nisinunue chochote niwashe tu romingi, yaani nitumie laini yangu hii hii nikiwa nje. Hela ninayobeba yote ni ya mzigo na sehemu kubwa si yangu, ni ya wateja, sitaki kupoteza hata siku moja nahangaika na mtandao. Halafu benki yangu kila nikifanya muamala inatuma namba za kuthibitisha kwa meseji, nikitoa laini ya Tanzania kwenye simu zitanifikiaje? Natanguliza shukrani.

Mzee wa Kontena

Dada yangu hongera kwa kuamua kwenda mwenyewe. Hao watatu wote wamekwambia ukweli nusunusu, ndio maana umechanganyikiwa. Ngoja nikueleze vizuri maana hili jambo watu wengi wanalichukulia juujuu halafu wanafika kule wanakaa hotelini siku mbili hawajampata mtu.

Kitu cha kuelewa kwanza, kuwa na bando na WhatsApp kufunguka ni mambo mawili tofauti kwa China. Ukinunua laini yao, iwe China Mobile, China Unicom au China Telecom, intaneti utapata tena ya kasi na bei nafuu, ila unapita kwenye mlango wao na kwenye huo mlango WhatsApp, Facebook, Instagram, YouTube, Gmail na mambo yote ya Google yamezuiwa. Waifai ya hoteli hivyo hivyo. Lakini ukiwa na laini ya nje iliyo kwenye romingi, data yako haitokei palepale China, inabebwa mpaka kwenye mitambo ya kampuni iliyotoa hiyo laini ndio inaingia kwenye intaneti. Kwa hiyo simu iko Guangzhou lakini mtandao unaiona kama iko Dar es Salaam, au Hong Kong, au Singapore, kutegemea laini ni ya wapi, na WhatsApp inafunguka bila VPN yoyote. Jamaa wa duka la simu alikuwa sahihi hapo, ila hakukwambia bei. Romingi ya laini zetu bila kifurushi maalumu cha nje inakula salio kama moto unavyokula makuti.

Mimi nafanya hivi. Laini ya Tanzania inabaki kwenye simu, naifungulia romingi kabla sijaondoka, hii muhimu maana ukishatoka nje kuifungua ni mtihani, halafu nazima data ya hiyo laini kabisa, inabaki kwa ajili ya meseji za benki tu. Kupokea meseji ukiwa nje kwa kawaida ni bure, ila ulizia huduma kwa wateja wa mtandao wako wakuhakikishie. KUPOKEA SIMU sio bure, unayepokea ndio unakatwa, waambie ndugu mapema wasikupigie kwa namba ya kawaida. Kwa ajili ya data nanunua eSIM ya wasafiri, hii laini isiyo na kadi, unalipia mtandaoni, unaskani mchoro wa QR inaingia kwenye simu. Zipo kampuni kama Airalo na Holafly na nyingine nyingi. Inunue na uiingize ukiwa nyumbani kwenye waifai nzuri, maana kuiingiza kunahitaji intaneti, ukifika ndio unaiwasha. Na usiifute kwa bahati mbaya, nyingi ukishafuta hairudi. Kabla hujalipa uliza swali moja, je kwa China bara WhatsApp inafunguka bila VPN?

WhatsApp yako itaendelea na namba ile ile ya Tanzania. Ikikuuliza kama umebadilisha namba, kataa.

Jambo la mwisho ambalo mimi lilinigharimu safari ya kwanza, masaa. Guangzhou iko mbele yetu masaa matano. Ukiwa sokoni saa nne asubuhi wateja wako Dar ni saa kumi na moja alfajiri, wamelala, hata ukiwa na intaneti ya dunia nzima hakuna wa kukujibu. Asubuhi piga picha, andika bei na namba ya duka kwenye daftari, chukua kadi ya duka, halafu kuanzia saa nane mchana ya kule ndio tuma, huku inakuwa saa tatu asubuhi watu wameamka. Majibu yakija unarudi dukani kabla hawajafunga. Kwa kazi hiyo mimi wiki mbili nilitumia GB 7, picha za WhatsApp ni ndogo sana, kinachomaliza bando ni simu za video na video zinazojipakua zenyewe kwenye magrupu. Zima kujipakua.

Kijana wa Posta

Mzee kaongea. Naongezea la kuzima data ya laini ya Tanzania, usiseme utaizima ukifika, izime ukiwa bado umekaa kwenye kiti cha ndege Dar. Mimi nilikuwa na laini ya ofisi ya kulipia mwisho wa mwezi, nikatua Dubai kuunganisha ndege, nikawasha simu nikaiweka mfukoni nikaenda kutafuta chakula. Wala sikuishika. Kumbe picha za harusi ya mdogo wangu nilizopiga wiki iliyopita zilikuwa zinapanda zenyewe kuhifadhiwa mtandaoni, na programu nazo zinajisasisha. Chini ya saa moja. Bili ilikuja laki nne na themanini na ofisi ikanikata kwenye mshahara, na nilivyoenda kulalamika kwa kampuni ya simu wakaniambia meseji ya tahadhari ilitumwa. Ni kweli ilitumwa, ilifika nikiwa nimeshapanda ndege nyingine. Iliniuma sana maana mwezi ule ndio nilikuwa nalipa ada.

Na kama unapita Dubai, kwenye waifai ya pale meseji za WhatsApp zinaenda vizuri ila simu ya sauti na video ya WhatsApp haipiti, wamezuia. Usidhani simu yako imeharibika. Tuma voisi tu.

Mwanafunzi Wuhan

Shikamoo wakubwa. Niko China mwaka wa nne sasa nasoma, dada mimi nakushauri usiidharau laini ya Kichina, utaihitaji pamoja na hiyo eSIM sio badala yake. Namba ya China inatakiwa sehemu nyingi sana, waifai za maduka, kupokea vifurushi vya sampuli, dereva wa teksi ya mtandaoni kukupigia, mwenye kiwanda kukupigia. Nenda na pasipoti dukani kwao, watakusajili na kukupiga picha ya uso palepale. Wiki mbili kifurushi cha chini kabisa kinakutosha.

Halafu WeChat, ndio WhatsApp yao ya hapa, FUNGUA UKIWA TANZANIA. Akaunti mpya mara nyingi inataka mtu mwenye WeChat ya muda mrefu akuskanie kukuthibitisha, na watu wanafika hapa wanakwama hapohapo. Mwombe wakala wako wa mizigo akusaidie, wao wote wanayo. Wenye maduka wengi hawatumii WhatsApp, bei, picha, anuani ya stoo, kila kitu WeChat. Alipay, programu yao ya kulipia kwa simu, nayo weka mapema, unaunganisha kadi yako ya Visa au Mastercard, malipo yasiyozidi yuan 200 hawakati ada na yakizidi hapo wanakata asilimia 3, kwa hiyo chakula na teksi lipa kwa Alipay ila mzigo mkubwa lipa kwa njia nyingine. Na wakati wa kuunganisha kadi ndio benki itakutumia zile namba, fanya ukiwa bado nyumbani.

Kuhusu VPN, isiwe ndio tegemeo lako. Zile zisizo na kibali serikali ya hapa haizitaki, zinakatika hovyo hasa kipindi cha mikutano yao mikubwa, na ukija bila kuipakua hutaipata maana Google Play nayo imefungwa.

Tafsiri ya Google pia haifunguki hapa tangu 2022, ila ukipakua Kichina kwenye simu mapema inafanya kazi hata bila intaneti. Soko la vitambaa la Zhongda ni kubwa mno dada, humo ndani bila tafsiri utazunguka mpaka miguu ivimbe.

MamaPazia

Jamani Mungu awabariki, nimesoma mara tatu na mume wangu nimemsomea. Swali, nitajuaje kama simu yangu inakubali hiyo eSIM? Natumia Infinix ya laini mbili. Mume wangu ana iPhone 14 aliletewa na kaka yake kutoka Marekani. Na kitu kingine, huwa naingia laivu TikTok Jumamosi, je itawezekana nikiwa kule?

Fundi Simu Makumbusho

Piga *#06# kwenye kila simu. Ikitokea namba ndefu imeandikwa EID basi eSIM ipo, ikionyesha IMEI peke yake hakuna. Infinix nyingi za bei ya kawaida hazina. Hiyo iPhone 14 ya Marekani ni kinyume chake, haina kabisa sehemu ya kuweka kadi, inakula eSIM tu, laini ya Kichina ya kadi hutaipachika humo. Pia hakikisha haijafungwa na mtandao wa kule, nenda mipangilio, sehemu ya maelezo ya simu, iandike haina kizuizi cha mtandao. Wengine wakisoma hapa wenye iPhone za toleo la China zinazoingia kadi mbili, karibu zote hazina eSIM, nyie tafuteni laini ya kadi ya Hong Kong.

Dada azima simu ya mume. Infinix weka laini ya Tanzania na ya China, iPhone weka eSIM, halafu iPhone irushe hotispoti Infinix ipate WhatsApp. Ila hotispoti inamaliza chaji, beba pawabanki. Ukipanda ndege za ndani ya China angalia pawabanki iwe na alama ya 3C, ile ya usalama ya China, tangu Juni 2025 zisizo na hiyo alama wanazuia.

Mwanafunzi Wuhan

TikTok dada usiwaahidi wateja. Hapa China bara haipo, wana Douyin yao. Na hata eSIM ikitokea Hong Kong bado haitafunguka, TikTok walijitoa Hong Kong 2020. Ukitaka jaribu kutafuta eSIM inayotokea Singapore na kwenye hiyo simu isiwepo laini ya Kichina, ikiwemo inagoma. Kwa mpango wa fundi iPhone ndio itakayofaa. Lakini laivu ya saa zima itakula bando lako lote, rekodi video fupi urushe ukirudi.

MamaPazia

Wakuu nimekuja kutoa mrejesho. Niko Guangzhou siku ya sita leo, naandika nikiwa Xiaobei, mtaa wenye Waafrika wengi, nimekaa mgahawani nasubiri wali, na wote mliosema mlisema kweli. Nilitua, nikawasha iPhone, eSIM ikashika ndani ya dakika mbili, nikamtumia mume wangu voisi akadhani bado niko Addis. WeChat aliniskania wakala kabla sijaondoka. Meseji za benki zinaingia kwenye Infinix, moja tu ilichelewa kama dakika kumi nikapata wasiwasi lakini ilifika, nikaomba nyingine.

Kosa nililofanya ni siku ya pili, Infinix ilijiunga yenyewe na waifai ya hoteli badala ya hotispoti, WhatsApp ikaganda usiku mzima na mimi nikadhani wateja wamenikaushia, kumbe oda kumi na nne zilikuwa zinasubiri. Nimeifuta kabisa waifai ya hoteli kwenye ile simu.

Masaa nayo Mzee wa Kontena nakushukuru sana. Asubuhi ni kamera na daftari, mchana ndio natuma. Mteja mmoja wa Mbagala jana kachagua kitambaa cha kijani nikiwa nimesimama dukani kabisa, mwenye duka anaona tunavyojibizana, akakikata hapohapo. Mpaka sasa nimetumia GB 3 na kitu. Kesho naingia Zhongda tena, kuna anayejua stoo za fimbo za mapazia ziko upande gani?

Mzee wa Kontena

Fimbo nyingi utazipata Foshan kwa bei nzuri zaidi, sio mbali, metro inafika. Nakutumia namba ya wakala WeChat, angalia sehemu ya ujumbe binafsi.