Mrejesho: Beetle ya 1967 inayozima ikipata moto

Wakuu, niliuliza kwa nini Volkswagen Beetle yangu inakosa nguvu na kuzima ikishapata moto, nikashuku kabureta. Kabureta ni nzima. Fundi mzee mliyeniambia nimtafute alianza na distribyuta, kifaa kinachogawa umeme kwa plagi: pointi, yaani swichi ndogo ya ndani inayofunguka na kufunga ili cheche itoke, zilikuwa karibu kufungana. Kile kipande cha pointi kinachosugua kemu (mhimili wenye nundu unaozifungua) kimelika kwa kukosa grisi, mwanya ukapungua, taimingi, yaani wakati wa cheche kuruka, ikachelewa.

Zungusha puli ya injini kwa spana hadi kipande hicho kikae juu kabisa ya nundu ya kemu. Legeza skrubu ya pointi, weka kati yake fila geji (bapa jembamba la chuma la kupimia mwanya) ya milimita 0.4, kaza, kisha pima tena, maana mwanya husogea wakati wa kukaza. Grisi ya kemu iwe kidogo sana. Ikifika kwenye pointi, cheche hupotea. Taimingi inapimwa baada ya pointi, kamwe si kabla.

Tapeti, yaani mwanya wa valvu, ni milimita 0.15, injini ikiwa baridi baada ya kulala usiku kucha. Msipuuze silinda ya 3: kwa injini hizi kipoza oili kinaizuia hewa, hivyo huchemka kuliko nyingine. Na tapeti iliyobana, yaani yenye mwanya mdogo mno, haipigi kelele, inaunguza valvu kimyakimya.

Mnaotafuta fundi, muulizeni kwanza kama ana fila geji. Anayekadiria kwa jicho, mpiteni.