Pedi inawaka, Windows inaiona, gemu haiioni

Wakuu, habari za jioni. Nimenunua pedi ya waya ya kuchezea gemu kwenye kompyuta, nicheze gemu ya mpira na mdogo wangu aliyekuja likizo. Windows 10 imeitambua, taa inawaka, ila ndani ya gemu hakuna kitufe kinachojibu. Nimebadilisha tundu la USB mara tatu. Anarudi shule Jumapili, na nilimwahidi. Nisaidieni.

Fundi_Kona: Pole mkuu. Bonyeza Windows na R, andika joy.cpl (dirisha la kupima pedi), fungua sifa za pedi (Properties). Ukibonyeza vitufe vya pedi na vikiwaka pale, waya ni mzima. Halafu geuza pedi: nyuma kuna swichi ya X na D?

Mwenye swali: Vinawaka vyote. Swichi ipo, iko D!

Fundi_Kona: Ndiyo hiyo. D ni DirectInput, mfumo wa zamani wa gemu kusoma pedi. Gemu nyingi za Windows siku hizi husikiliza XInput, yaani X, mfumo mpya zaidi uliokuja na Xbox 360, mashine ya gemu ya Microsoft, mwaka 2005. Funga gemu, weka X, chomoa, chomeka, ndipo ufungue tena.

MamaGemu: Yangu haina swichi. Nashikilia kitufe cha katikati sekunde kadhaa mpaka taa zibadilike.

Mwenye swali: Imekubali! Dogo haamini. Ahsanteni sana, wakuu.