Maji Maji vilikuwa vita vya taifa, au taifa limekuja baadaye?

Mngoni wa Matimira:
Wakuu, kila tarehe 27 Februari kwetu Songea tunawakumbuka kina Nduna Songea Mbano walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Nimekua na siku hiyo. Shuleni nilifundishwa kwamba pale ndipo utaifa wa Tanganyika ulipochipua, na TANU, chama cha kudai uhuru kilichoanza 1954, ikavuna alichopanda Kinjikitile, mganga aliyegawa dawa ya vita kule Ngarambe. Sasa nasoma historia chuoni na jambo hili halinipi usingizi. Wamatumbi waling'oa pamba Nandete Julai 1905 kwa sababu ya kulimishwa kwa nguvu, kodi na viboko vya maakida, watawala wadogo wa Wajerumani. Jina Tanganyika kama nchi hawakulijua, maana Waingereza ndio walioliweka mwaka 1920. Wanahistoria kina Terence Ranger pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1960 walitafuta uzi wa kuunganisha vita na uhuru, na nchi changa ilikuwa inauhitaji uzi huo. Mimi nasema mashujaa walikuwa mashujaa kweli, ila taifa lilikuwa bado. Hata makabila yenyewe mengi ni ya juzi. Wakalenjin hapo jirani Kenya wametokea redioni miaka ya 1940.

Arap wa Litein:
Nilikuwa nakubaliana nawe hadi sentensi ya mwisho. "Wametokea redioni"? Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi ambao nao ni Wakalenjin, aliuawa Oktoba 1905, miezi michache tu baada ya Kinjikitile kunyongwa. Wanandi walikuwa wamepambana na Waingereza miaka kumi. Babu zangu hawakuzaliwa studio.

Nyanda wa Magu:
Mkuu Arap, hujatukanwa. Koitalel alipigana akiwa Mnandi. Mkipsigis, Mtugen na Mkeiyo kila mmoja alikuwa na jina lake. "Kalenjin", yaani nakwambia, lilikuwa neno la kuwaita wasikilizaji redioni wakati wa Vita Kuu ya Pili, vijana wa shule wakalishika, wanasiasa wakalibeba. Aibu iko wapi? Mimi ni Msukuma, na sukuma ni kaskazini tu. Kila mtemi alikuwa na nchi yake. Upande wa dira umegeuka kabila, na leo ndilo kubwa kuliko yote Tanzania.

Arap wa Litein:
Kwako ni rahisi kusema hivyo, kabila huko kwenu halikutoi shambani. Sisi tuliokuwa Bonde la Ufa wakati wa vurugu za uchaguzi mwisho wa 2007 tunajua kinachofuata. Ukishaambiwa jina lako si la kweli, kesho utaambiwa na ardhi si yako. Halafu anayeanza ni Mngoni! Ndugu yangu, wazee wako walitoka kusini kabisa, karne ya 19, wakakusanya mateka njiani, wakawameza na Wandendeule, wote wakaitwa Wangoni. Nani wa juzi hapo?

Mngoni wa Matimira:
Ni kweli, na sijawahi kulikana. Kwetu wapo wazee wanaojua ukoo upi ulikuja na upi ulikutwa. Ndiyo maana nasema hata sisi tumetengenezwa. Neno "wametokea" nalifuta, samahani. Lakini mbona hakuna aliyegusa Maji Maji?

Mdigo wa Msambweni:
Nami sitayagusa bado, maana hili la majina linaniuma. Kabla ya miaka ya 1940 sisi tuliitwa Wanyika, watu wa porini, na jina hilo tulipewa na wengine. Wagiriama, Wadigo, Warabai, Waduruma na wenzetu, tisa kwa jumla, tukajiita Mijikenda. Jina ni jipya, makaya, yaani vijiji vyetu vya msituni, ni ya kale. Mtu anayevua jina la dharau akavaa lake mwenyewe, mtasemaje ameghushi?

Mwalimu Mstaafu, Tanga:
Hapo ndipo wataalamu wa mambo ya utaifa walipogombania. Ernest Gellner alisema taifa ni jumuiya ya kufikirika...

Nyanda wa Magu:
Mwalimu, samahani, hilo ni la Benedict Anderson, yule aliyechunguza Indonesia. Vitabu vya wote wawili vilitoka 1983, ndiyo maana watu huvichanganya.

Mwalimu Mstaafu, Tanga:
Ahsante mwanangu. Basi Anderson huyo alimlaumu Gellner kwamba anachanganya kubuni na kughushi. Gellner aliona viwanda na shule vinahitaji watu wa lugha moja, na utaifa ukazaliwa hapo. Mwenzake akatazama magazeti: watu wasioonana kamwe wanasoma habari moja siku moja, wanaanza kujiona ni wamoja. Mimi nayaelewa hayo kwa Mambo Leo, gazeti la Kiswahili lililoanza 1923. Baba alikuwa analisoma kwa sauti barazani, wasiojua kusoma wakisikiliza. Aliyeandika shairi Tabora alijibiwa na mtu wa Lindi. Mngoni, utafute utaifa wako humo.

Binti wa Mbinga:
Shikamoo Mwalimu. Lugha hiyo moja ilikuwa na gharama. Mwalimu wangu wa darasa la tatu alinivisha kibao shingoni kwa kusema Kimatengo, nikazunguka nacho hadi kengele ya mwisho. Kamati ya lugha ya 1930 ilisanifu Kiswahili kwa kufuata Kiunguja, lahaja ya Zanzibar, na uhuru ukakipa hadhi. Nakipenda, naota kwa Kiswahili. Lakini mwanangu hawezi kuongea na bibi yake bila mimi kukaa katikati. Mnaposema taifa limebuniwa, semeni pia nani alinyamazishwa likibuniwa.

Mwalimu Mstaafu, Tanga:
Wa'alaikum, marahaba binti yangu. Nami niliwavisha watoto kibao hicho. Niliamini najenga nchi.

Mdigo wa Msambweni:
Huku Kenya tulivishwa kwa ajili ya Kiingereza, na umoja wenyewe hatukuupata. Heri yenu.

Binti wa Mbinga:
Usiniambie heri, kaka. Mtoto wa miaka tisa hajui heri ya taifa.

Arap wa Litein:
Dada, pole. Nimetulia sasa, nirudi kwa Nyanda. Wanandi, Wakipsigis na Watugen wana marika yenye majina yale yale, Maina, Chumo, Sawe, yanayozunguka na kurudi. Mkipsigis akienda Nandi alijua nani rika lake, wa kumheshimu nani na wa kutaniana naye nani, redio ikiwa haijafika. Anthony Smith, mtaalamu mwingine wa utaifa ambaye Gellner ndiye aliyemsimamia masomoni, alimpinga mwalimu wake kwa hoja ya aina hiyo: jina laweza kuwa jipya, lakini huwezi kulishona hewani, kuna kitambaa kilichotangulia.

Mngoni wa Matimira:
Hicho kitambaa ndicho nakitafuta Maji Maji. Dawa ya Ngarambe, maji yaliyoaminiwa kuzuia risasi, ilipita kwa Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro hadi kwetu Ungoni, ilhali Wangindo walikuwa wanatukimbia sisi miaka michache nyuma. Ni nini kiliwafanya wamwamini mjumbe wa kabila jingine? Walioko Kilwa na Liwale, wazee wenu walimweleza vipi mjumbe huyo?