Naomba ushauri: nyanya zinaoza kitako na chokaa ipo

Wakuu, habari za kazi. Nyanya zetu bonde la Luiche, Kigoma, zinaoza kitako zingali changa: doa la majimaji nchani, kisha linakuwa jeusi na kukauka kama ngozi. Majani hayana shida. pH ya udongo ni 6.5, chokaa iliwekwa kabla ya kupanda, na tunapulizia kalsiamu kloraidi gramu 4 kwa lita. Mbolea ya kukuzia ni urea.

Najua kuoza huku hutokana na tunda kupungukiwa kalsiamu: kalsiamu hufuata maji, na tunda hupoteza maji kidogo kuliko jani. Kinachonitatiza ni ndani ya seli: pampu za ACA (protini za kwenye utando zinazosukuma kalsiamu), zikiamshwa na kalmodulini (protini inayohisi kalsiamu), husukuma kalsiamu nje ya seli, nyingine huiingiza kwenye vakuoli (kifuko cha akiba ndani ya seli). Je, vakuoli zinaweza kuibana mpaka ukuta wa seli ukapungukiwa? Na nikiacha urea, kalsiamu naitreti iwe gramu ngapi kwa shina, kuanzia maua?